Mapanga ya injini hupimwa kwa saa, si kwa kamera

Mhariri,

Mazungumzo ya usalama wa ndege yakifika kwenye injini, hakosi mtu wa kushauri ziwekwe kamera za kuchungulia mapanga yanavyotetemeka. Lakini mtetemo huo haupimwi kwa picha; kinachopimwa ni muda wa ncha ya panga kupita mbele ya sensa. Mwale wa leza hupitia faiba (uzi mwembamba wa kioo) hadi kwenye tundu la ganda la injini, ukagonga ncha ya panga na kurudi. Panga lililotulia hupita kwa wakati uleule kila mzunguko. Linalotetemeka huwahi au huchelewa. Injini ikizunguka mara 12,000 kwa dakika na ncha ziko sentimita 40 kutoka katikati, ncha hukimbia karibu mita 500 kwa sekunde. Kuchelewa sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kupinda nusu milimita.

Sensa moja huliona panga mara 200 tu kwa sekunde, ilhali panga laweza kutikisika zaidi ya mara 1,000. Kwa hiyo huwekwa sensa kadhaa, na hapo ndipo penye mtego. Ukizigawa sawasawa kuzunguka ganda, kwenye nyuzi 0, 90, 180 na 270 za duara, mtetemo wa mara nne kamili kwa mzunguko utasomeka uleule kwenye zote. Utadhani panga limepinda tu likatulia, kumbe chuma kinachoka. Afadhali ziachane bila usawa, mfano nyuzi 0, 19, 47 na 120.

Chuo cha usafiri wa anga cha Soroti, Uganda, kinaweza kufundisha haya kwa feni ya mezani. Ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, ncha za sentimita 20 huenda mita 25 tu kwa sekunde, kwa hiyo saa ya kadi ya Arduino (kompyuta ndogo ya kujifunzia) inatosha na kubaki. Leza ndogo upande mmoja, fotodayodi (kihisi cha mwanga) upande wa pili, panga likate mwale. Soma pale mwale unapokatika tu, usichanganye na unaporudi. Alama ya kuonyesha mwanzo wa kila mzunguko ibandikwe kwenye mhimili, maana panga lenyewe linatikisika. Kisha puliza hewa ya kompresa sehemu moja, uone mtetemo ukianza.

Wanaotaka leza hizi kwenye ndege zinazoruka wakumbuke mafuta na masizi. Lenzi ikichafuka, mwale hurudi hafifu na saa husoma panga limechelewa wakati halijachelewa. Ndiyo maana vifaa hivi vimebaki zaidi kwenye vituo vya majaribio, hewa safi ikipulizwa mbele ya lenzi. Uwanjani Entebbe, fundi bado anahitaji boroskopu (mrija wa kuchungulia ndani ya injini iliyozimwa) na tochi.

Mafundi wa injini,
Entebbe