Halali dukani, marufuku uwanjani

Mhariri,

Kila mwanariadha wetu anapofungiwa kwa dawa zilizopigwa marufuku, tunazungumzia sindano na EPO, homoni ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Unga wa mazoezi, yaani virutubisho kama protini, tunausahau, ilhali siku hizi hata chipukizi wa shule wanapimiwa kwa kijiko na kutiliwa kwenye mfuko wa plastiki.

Muuzaji akisema bidhaa yake ni halali, huenda hadanganyi. Ila duka lina sheria zake, na uwanja unafuata orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, ambayo hutolewa upya kila Januari 1. Marekani, zinakotoka nyingi za bidhaa hizi, sheria ya 1994 haimlazimishi mtengenezaji kupata idhini ya serikali kabla ya kuuza.

Anza na lebo. Kafeini iliondolewa kwenye orodha ya marufuku mwaka 2004, na kriatini, kirutubisho cha kuongeza nguvu za misuli, inaruhusiwa. Balaa limo kwenye majina ya mimea. Nandina domestica au Nelumbo nucifera huweza kuwa na higenamini, kichangamshi kilichopigwa marufuku wakati wote, si siku ya mbio tu. Pelargonium graveolens mara nyingi ni njia ya kuficha DMAA, kichangamshi kingine kilichopigwa marufuku. Ukiona "mchanganyiko maalum" wenye uzito wa jumla tu, bila kiasi cha kila kiungo, urudishe.

Halafu kuna yasiyoandikwa kabisa. Watafiti wa Cologne, Ujerumani, walipima bidhaa 634 kutoka nchi 13. 94 zilikuwa na vianzilishi vya homoni za kujenga misuli ambavyo lebo haikuvitaja. Mashine iliyosaga homoni jana ikisaga protini leo bila kusafishwa vizuri, masalio yanatosha: mikrogramu 2.5 tu za 19-norandrostenedioni, kianzilishi cha homoni ya nandroloni, zinaweza kupandisha masalio yake kwenye mkojo juu ya kikomo cha nanogramu 2 kwa mililita. Hicho ni kiasi usichoweza kukiona kwa macho.

Kwa hiyo nunua mkebe wenye lakiri, ulio na alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, mipango inayopima virutubisho kama vina dawa za marufuku, kisha tafuta namba ya bechi yako (kundi la mikebe iliyotengenezwa pamoja) kwenye tovuti yao. Alama bila bechi hiyo haikusaidii. Bidhaa ni ileile, ila bechi nyingine huenda haikupimwa. Piga picha ya lebo, hifadhi risiti, usimalize unga wote. Mwenye uwezo anunue mikebe miwili ya bechi moja na kuacha mmoja bila kufunguliwa. Kwa nini? Kilichomo mwilini mwako ni jukumu lako. Ukithibitisha kwamba kimetoka kwenye bidhaa iliyochafuliwa na hukuzembea sana, adhabu huanzia onyo hadi miaka 2, badala ya kufika 4. Mkebe uliofunguliwa ni ushahidi dhaifu, kwani yeyote angeweza kuutia kitu baadaye.

Unga wa kupimiwa hauna bechi wala lakiri, na kijiko chenyewe kimepitia mikebe mingapi? Makocha wanaowauzia vijana mifuko hii wanawanyima utetezi kabla hata kesi haijaanza.

Na siku ya kutoa sampuli, fomu huuliza dawa na virutubisho ulivyotumia siku 7 zilizopita. Wengi huandika "vitamini" na kutia saini. Andika jina kamili la bidhaa, kiasi na siku ya mwisho uliyoitumia.

Mfamasia,
Eldoret