Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: sindano za insulini zaniishia, na wagonjwa wa sukari ni wale wale

Mheshimiwa, assalaam aleikum, na pole na kazi.

Mimi nina duka la dawa hapa Kongowea, dogo tu, watu wanne wakisimama pale mbele limejaa. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe si langu peke yangu, na nina aibu nalo pia, utaona huko mbele.

Zamani boksi la sindano za insulini lanikalia karibu mwezi. Wenye kununua nawajua, wazee wangu wa sukari, mwingine hata simuulizi yuataka nini. Siku hizi boksi halimalizi wiki na wanaokuja ni vijana, vesti, vifua hivi, watoka jimu jasho halijakauka. Nikamuuliza mmoja, mwanangu, kwani wewe una sukari? Akacheka. La baba, mimi niko kwa peptidi. Peptidi ni kama kipande kifupi cha protini, na hizi wajidunga wakitafuta misuli.

Akatoa kichupa mfukoni, MFUKONI mheshimiwa, na jua lile la saa nane. Ndani unga mweupe kidogo wa kuchanganya na maji, kibandiko GHRP-6, na chini herufi ndogo za Kizungu zasema ni ya utafiti tu, si ya kutumiwa na binadamu. Nikamwekea kidole hapo asome. Yeye akaona hiyo ndiyo sifa yake, ati baba si waona, hii ni ya watafiti.

Sasa utafiti upo kweli, sitaki kuambiwa napinga sayansi. Kuna daktari Mmarekani, Cyril Bowers wa Chuo Kikuu cha Tulane kule New Orleans, miaka ya 1970 yeye na wenzake walikuwa wakizigeuza geuza enkefalini, hizo ni peptidi za mwilini zinazofanya kazi kama afyuni, wakakuta baadhi yake zaifanya tezi ya pituitari kule chini ya ubongo iachilie homoni ya ukuaji. Mwaka 1984 wakatangaza GHRP-6, amino asidi sita tu, yaani matofali ya protini, zimeshikana. Yaani ufunguo bandia ulitangulia, kufuli lake mwilini, pale inaposhika ifanye kazi, likaja kupatikana 1996, na ufunguo wa asili 1999, ambao Wajapani Kojima na Kangawa waliukuta wapi? Tumboni. Grelini, homoni ya njaa. Nilipomweleza hivyo yule kijana alinyamaza kidogo, maana alishaniambia usiku wa manane yuaamka na njaa ya ajabu na mara moja alimaliza mahamri yote mamake aliyokuwa ameyaweka ya asubuhi. Yeye alidhani ni misuli inadai chakula.

Na dawa za kweli zimetoka humo humo kwenye utafiti wa kuichokoza hiyo tezi. Tesamorelini iliidhinishwa Marekani 2010 kwa watu wenye virusi vya UKIMWI waliojaa mafuta ya tumboni, makimorelini ikafuata 2017, ya kunywa, na hiyo ni ya kupima tu kama tezi ya mtu mzima yatoa homoni ya kutosha. Hakuna hata moja iliyoidhinishwa ili mtu apendeze ufuoni Pirates siku ya Jumapili.

Halafu kuna MK-677, hii si peptidi lakini yagonga kufuli lile lile, vijana waimeza. Iliwahi kupimwa miaka miwili kwa wazee 65 wenye afya, matokeo yakatoka 2008: nyama za mwili ziliongezeka kama kilo moja, nguvu haikuongezeka, na sukari ya damu ikapanda. Utafiti mwingine wa wazee waliovunjika nyonga ulisimamishwa kabla ya wakati kwa hofu ya moyo kushindwa kufanya kazi. Huo ndio utafiti wenyewe, lakini muuzaji wa jimu hausomi huo.

Aibu yangu ni hii, mimi niliwauzia sindano miezi kadhaa bila kuuliza. Na sindano ile mistari yake imepimwa kwa insulini, uniti 100 kwa mililita, huku peptidi yahesabiwa kwa maikrogramu na yategemea umetia maji kiasi gani. Akipunguza maji nusu, mistari ile ile yampa dozi mara mbili, na wao waambiana tu "vuta mpaka kumi". Kumi ya nini?

Ninachokuomba si askari. Wakija na landrova vijana watajificha, watagawana sindano chooni, na sisi Mombasa habari ya kugawana sindano tumeshaiona kwa watoto walioingia kwenye unga, heroini, haihitaji mhadhara. Tuma manesi na vile vimashine vya kupima sukari waingie kwenye majimu, Tudor, Majengo, Bamburi, Likoni, wapime bure, na awepo mtu wa kuwatafsiria hicho kibandiko kwa Kiswahili cha hapa. Wale wanaocheza mpira au kukimbia waambiwe pia kwamba vitu hivi vyote viko kwenye orodha iliyopigwa marufuku na shirika la dunia la kupambana na dawa za kututumua misuli, maana wengine hawajui, wadhani ni vitamini. Na maabara ituambie kilichomo ndani ni nini hasa, huenda hata si hiyo GHRP-6.

Yule kijana aliniachia kichupa chake. Nilimpima sukari siku hiyo, sitaandika hapa ilisoma ngapi, ni siri yake, nilimwambia aende hospitali na akaenda. Kichupa kiko kwenye friji yangu pembeni ya insulini, nimekifunga karatasi nikaandika USIUZE. Nafungua saa mbili asubuhi, nafunga saa tatu usiku, Ijumaa natoka kidogo kwenda kuswali. Tuma mtu aje akichukue.