Risala ya Chama cha Jiografia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Ramani

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: Asalamu alaikum, na karibu sana shuleni kwetu.

Sisi ni wanachama 18. Ramani uliyoikuta mlangoni ni ya Aldabra, kisiwa cha Ushelisheli kilichoko mamia ya kilomita kutoka hapa Mombasa. Hakina mji. Wenyewe ni kobe wakubwa, zaidi ya 100,000, na watafiti wachache.

Tulikichagua kwa ugumu wa kukichora. Mpimaji hutafuta kilima apande, apime pembe. Aldabra haina kilima: karibu ardhi yote haifiki mita 8 juu ya bahari, na mwamba wake umechongoka kama visu. Mwaka 1878 Kapteni Wharton alikipima kwa meli ya Fawn. Enzi hizo kina cha maji kilipimwa kwa bildi, kipande cha madini ya risasi kilichofungwa kamba na kupakwa shahamu chini ili kinase mchanga, baharia akihesabu pima moja moja.

Tabu kubwa zaidi ni maji. Yakipwa, ziwa la maji ya bahari lililo katikati ya kisiwa hukauka sehemu kubwa kupitia milango michache ya kutokea baharini. Yakijaa, mikoko husimama ndani ya bahari. Sasa pwani ichorwe wapi?

Mheshimiwa, hilo tumelionja wenyewe. Tulichora mikoko ya hori ya Tudor, hapa Mombasa, kwa dira na kamba ya mita 30. Tuliporudi siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mstari wetu wa pwani ulikuwa chini ya maji, na kigingi cha tatu kimebaki ncha tu. Tulifuta, tukaanza upya. Ramani ya sasa ina mistari miwili, wa kujaa na wa kupwa, na tunajivunia yote miwili.

Miaka ya 1960 Uingereza ilitaka kujenga uwanja wa ndege za kijeshi Aldabra. Wanasayansi walipinga, na mwaka 1967 mpango ukaachwa, ingawa ukata wa fedha nao ulichangia. Mwaka 1982 kisiwa kikaingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Tulipoisoma habari hiyo tuliifikiria mikoko yetu inayokatwa kuni.

Ombi letu ni mashua kwa siku mbili za bamvua, tupime ng'ambo ya hori ambako miguu haifiki, na kifaa kimoja cha GPS. Nakala ya kwanza tutawapelekea wavuvi wa pale, waliotusahihishia majina ya vijito.

Tunawasilisha kwa heshima.