Karatasi ya kipimo cha UVIKO-19 iandikwe siku ya dalili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mazungumzo yanayoendelea mabarazani hapa Pemba kuhusu vipimo vya haraka vya UVIKO-19. Wako wanaosema ni vya uongo, kwa kuwa mtu alipimwa Jumatatu akaambiwa hana kirusi, akapimwa tena Jumatano akaambiwa anacho. Wako pia, na hawa ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, ambao wakishapata jibu la hasi huliona ni ruhusa ya kwenda kumkagua mzee mgonjwa au kubanana kwenye maulidi.

Kipimo cha PCR kinachofanywa maabara huzidisha vinasaba vya kirusi, hata vikiwa vichache mno, mpaka vionekane. Kipimo cha haraka hakizidishi kitu. Hutafuta protini ya kirusi kwa kiasi kile kile kilichotoka puani, na ikiwa kidogo mstari wa chanya hautokezi. Siku ya kwanza ya mafua protini hiyo yaweza kuwa haba, siku ya tatu ikawa tele, na wiki ya pili ikapungua tena. Kwa hiyo yule wa Jumatatu na Jumatano huenda alipimwa sawasawa mara zote mbili.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitaka kipimo cha namna hii kiwagundue angalau asilimia 80 ya watu ambao PCR imewakuta na kirusi, na kitoe jibu la hasi kwa angalau asilimia 97 ya wasio nacho. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2022, uliokusanya tafiti nyingi, ulikuta kwamba kwa wenye dalili vipimo hivi viligundua wastani wa asilimia 73, na kwa wasio na dalili asilimia 55 hivi. Katika kundi hili la pili, basi, karibu nusu ya wenye kirusi huondoka na karatasi ya hasi mkononi.

Jibu la chanya nalo lina hesabu yake. Tuchukue abiria 1,000 wanaoshuka bandarini wakati maradhi ni machache, na 10 tu kati yao wana kirusi. Kipimo chenye viwango vile vya chini vilivyotakwa na Shirika la Afya Duniani kitawakamata 8, lakini kitawatuhumu pia watu wapatao 30 wasio na chochote. Wakati kama huo chanya ithibitishwe kwa PCR kabla mtu hajafungiwa. Maradhi yakishaenea katika shehia, chanya ya mtu anayekohoa iaminiwe.

Yote haya ni kwa kipimo kilichotunzwa vyema. Maboksi mengi yameandikwa yahifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30 za joto, na kaskazi yetu huzivuka hizo 30 bila ya taabu. Nimeona katika duka moja la dawa boksi limewekwa rafu ya juu, chini ya bati, jua la mchana likilipiga kutoka dirishani. Muuzaji hakuwa na habari, na sidhani kuna aliyemwambia.

Tumezoea kipimo cha haraka cha malaria, ambacho tone la damu ya kidole hukitosheleza. Hiki cha UVIKO-19 kinategemea mkono unaoingiza kijiti puani. Watu wakiuona mstari wa C husema kipimo kimefanya kazi, ilhali mstari huo huonesha tu kwamba maji yamepita na dawa iliyomo ni nzima. Haujui kama kijiti kiligusa ndani ya pua au kiliishia mlangoni. Tena kisomwe kwa dakika zilizoandikwa, kwani mstari unaotokea saa nzima baadaye hauhesabiwi.

Nchini Marekani, mamlaka ya dawa, FDA, ilishauri tangu Agosti 2022 kwamba mwenye dalili akipata hasi apime tena baada ya saa 48, na asiye na dalili apime mara tatu kwa nafasi hiyo hiyo. Najua vipimo si bure, na kumwambia mvuvi wa Micheweni arudi mara tatu si jambo jepesi. Lakini kalamu ipo. Naiomba Wizara ya Afya iagize kila karatasi ya majibu iandikwe siku ya ngapi tangu dalili zianze, saa ya kuweka tone kwenye kipimo na saa ya kusoma, na kwa mwenye hasi anayekohoa, tarehe ya kurudi.

Wako,
Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Wete, Pemba