Aksanti kwa wote mliolia nasi Mama

Sisi watoto, wakwe, wajukuu na vitukuu wa Mama, tulio hapa Goma, Kongo, na tulio mbali, tunawashukuru ninyi nyote mliokaa nasi kwenye kilio hadi tulipomlaza. Tulitaka kupita mlango kwa mlango. Milango ni mingi, ndiyo maana tunaandika.

Mama hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Umri wake aliuhesabu kwa volkano. Nyiragongo ya 1977 ilimkuta na mimba ya kaka yetu mkubwa. Ile ya Januari 2002 ilichukua nyumba, mbuzi na picha zote za marehemu Baba, tukavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, pamoja na umati wa watu. Wengine wanakumbuka moto ule. Sisi tunamkumbuka Mama akirudi kabla mawe hayajapoa, akikopa mbao, akisimamisha chumba kimoja juu ya makoro, yale mawe ya volkano, palepale nyumba ilipokuwa. Mei 2021, serikali ilipotangaza watu wahame, tulimpandisha kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, kuelekea Sake, naye njia nzima akilalamika kwamba sambaza zake, visamaki vya ziwani alivyouza, zimebaki juani.

Sambaza hizo ndizo zilizotulipia minervali, yaani karo ya shule. Alfajiri alikuwa Kituku, kando ya ziwa, kuzipokea kwa wavuvi, mchana yuko soko la Virunga. Baba alipofariki tungali wadogo, ukoo ulikuja na shauri la kutugawana. Mama aliwapikia, akawasikiliza hadi mwisho, akawaaga. Hakuna aliyeondoka na mtoto. Badala yake nyumba ilizidi kujaa: wapo walioingia kwa usiku mmoja wakikimbia vita Masisi, wakatoka kwake na diploma mkononi. Mlioshangaa kuona majina mengi ya watoto katika tangazo la kifo, jibu ndilo hilo.

Akina mama wa likelemba ya Virunga, mnaochangiana pesa kwa zamu, kwenu tunakosa maneno. Benki zilikuwa zimefungwa, hata pesa ya sanduku la kuzikia hatukuwa nayo, mkasimamisha zamu zenu na kutukabidhi fungu zima. Vijana wa avenyu, mtaa wetu, mlibeba maji kutoka ziwani bila kuitwa. Wauguzi, padri wetu, wanakwaya na majirani wa shirika, jumuiya yetu ya sala, Mungu awalipe. Ndugu wa Kinshasa mliozunguka Kigali kwa sababu uwanja wetu wa ndege ulikuwa umefungwa, tumeona gharama. Mliolia kwenye simu nanyi mlikuwa kwenye kilio.

Tumesikia pia manung'uniko kwamba hatukushona kitenge cha sare. Ni kweli, na hatuombi radhi: Mama mwenyewe alikataza, alisema pesa hiyo iende kwenye masomo ya wajukuu. Imekwenda.

Misa ya siku arobaini itatangazwa parokiani. Wenye sufuria, viti na hema, piteni mvichukue. Kuna kifuniko kikubwa chenye rangi nyekundu ambacho kila mtu anasema si chake. Daftari la madeni la Mama tumelifunga: aliyechukua sambaza kwa mkopo hadaiwi tena. Lakini kama ni Mama aliyekuwa na deni kwako, hata la kopo moja la maharagwe, njoo umwone kaka yetu mkubwa nyumbani, utalipwa.