Barua kwa Halima kuhusu ukimya wa stesheni

Dada yangu mpendwa Halima,

Salaam nyingi kutoka Moshi. Sisi hatujambo, na Mama Glory anakusalimu sana. Habari nyingine za nyumbani nitakuandikia baadaye, kwa kuwa leo nimeshika kalamu kwa jambo moja tu, nalo ni treni.

Bila shaka umeshasikia kwamba Mama Mkubwa hakuwahi mazishi ya mdogo wake hapo Korogwe. Mimi ndiye niliyemsindikiza stesheni. Tulifika mapema, saa ya kuondoka ikapita, na hakuna aliyetoka kutuambia neno lolote. Dirisha la tiketi lilikuwa limefungwa, simu ya huduma kwa wateja iliita hadi ikakatika, na mlinzi alitujibu kwamba treni iko njiani. Njiani wapi? Ingeweza kuwa imekaribia Moshi, au ilikuwa haijatoka Arusha. Mabasi ya kwenda Tanga yalikuwa bado yapo stendi wakati huo, na kama tungeambiwa ukweli mapema, tungempandisha mojawapo na angemzika ndugu yake. Treni iliingia usiku.

Kuchelewa kwenyewe ninaweza kukuvumilia. Reli hii ni ya tangu enzi za Wajerumani, ni ya njia moja, na mvua kubwa zikinyesha hubomoa tuta. Unakumbuka tulivyofurahi treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya miaka mingi ya vituo kuota nyasi, kisha ikafika Arusha mwaka 2020? Furaha ile bado ninayo, na ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Linaloniuma zaidi ni lile ulilonieleza mwenyewe ulipokuwa karani wa stesheni pale Same: kwamba kwenye njia moja treni hairuhusiwi kutoka stesheni mpaka ya mbele ithibitishe kuwa njia iko wazi, maana zikikutana katikati hakuna pa kupishana. Kwa hiyo, Halima, muda wote ule tulipokaa kwenye benchi, kulikuwa na mtu aliyejua treni iko wapi. Habari ilikuwapo na ilikuwa ikipita kutoka stesheni hadi stesheni, ila haikuvuka kizingiti cha ofisi kuwafikia watu waliolipa nauli. Hilo siwezi kulisamehe kwa sababu halihitaji injini mpya wala fedha za serikali. Ubao na chaki vingetosha.

Nimeamua kuandika malalamiko rasmi. Nitaanza na wenye treni wenyewe, na wasiponijibu nitayapeleka LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ambayo majirani zangu wengi hudhani inahusika na nauli za mabasi peke yake, ilhali usafiri wa reli nao uko chini yake. Ninahitaji msaada wako, kwa sababu wewe unajua kazi ile kutoka ndani, nami sitaki barua yangu itupwe kwa kisingizio kwamba mwandishi haelewi mambo ya reli.

Je, niielekeze kwa mkuu wa stesheni, au yeye naye hupokea amri tu? Enzi zenu kulikuwa na kanuni iliyowalazimu kuwatangazia abiria treni inapochelewa, na kama ilikuwapo, ni nani aliyetakiwa kuitimiza? Je, saini za abiria wenzangu zitaongeza uzito? Wengine walinipa namba zao za simu usiku uleule. Na Mama Mkubwa je, umeshakwenda kumwona, anakula vizuri?

Tafadhali nijibu upesi. Anasema atarudi kwa treni ileile, kwa kuwa kwenye basi magoti yake hayapati nafasi ya kunyooka, nami ningependa uwe umeshajua wa kumuuliza hapo Korogwe kabla hujampeleka stesheni.

Ni mimi dada yako,
Anna