Risala ya Wanovisi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Kazi za Vuli

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Baba Abate na Baba Priori,
Mapadri na mabruda wa jumuiya yetu,
Majirani zetu wakulima,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi wanovisi wa monasteri hii, yaani tulio bado katika malezi ya utawa, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako za shule ukaja kuwa nasi leo, sikukuu ya Mtakatifu Martino, siku tunayofunga kazi za vuli. Huenda umeshangaa kwamba risala inasomwa na wadogo kuliko wote nyumbani humu. Sababu iko katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha yetu ya kimonaki, sura ya 3, inayomtaka abate, mkuu wa monasteri, awaite ndugu wote kwenye shauri, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo bora. Baba Abate alipotukabidhi kazi hii alitupa agizo moja tu: tusikuelezee majengo, maana utayaona mwenyewe. Tukueleze tunavyoishi.

Tumechagua kukueleza vuli, majira haya ya majani kupukutika kati ya kiangazi na kipupwe, kwa sababu ndiyo yaliyotufundisha Kanuni kuliko darasa lolote tuliloketi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, anayekuja kuishi hapa mwezi Septemba hushtushwa kwanza na mwanga. Kila jioni jua linazama mapema kuliko jana, na kazi iliyobaki shambani haipungui. Benedikto aliijua hali hii. Aliandika Kanuni yake katika karne ya 6 huko Montecassino, Italia, ambako mchana wa Juni hufikia saa 15 na ule wa Desemba hushuka hadi saa 9 hivi. Watu wa zama zake waliugawa mchana katika saa 12 tangu jua kuchomoza hadi kuzama, uwe mrefu au mfupi. Kwa hiyo saa yao ilikuwa ikirefuka na kusinyaa: katikati ya kiangazi ilikaribia dakika 75, na katikati ya kipupwe dakika 45 tu. Ratiba ya kiangazi isingeweza kumfaa mtu wa vuli, na Kanuni haikumlazimisha. Katikati ya Septemba inabadilisha saa ya kula, tarehe 1 Oktoba inabadilisha saa za kazi na kusoma, na tarehe 1 Novemba inabadilisha saa ya kuamka. Hatua tatu katika miezi miwili, zote zikifuata jua.

Tuna jambo dogo hapa lililotufurahisha sana. Watu wa lugha nyingine wakiisoma Kanuni huhitaji kuelezwa kwamba saa ya tatu ni katikati ya asubuhi na saa ya sita ni adhuhuri. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili hatukuhitaji mwalimu. Sala ya Saa Tatu ni ya saa tatu, ya Saa Sita ni ya saa sita, ya Saa Tisa ni ya saa tisa. Na sura ya 8 iliposema kwamba tangu tarehe 1 Novemba hadi Pasaka ndugu waamke saa nane ya usiku, tulijua papo hapo giza la saa hiyo lilivyo. Sababu inayotolewa pale ni ya huruma: watu walale kupita nusu ya usiku kidogo, waamke chakula kikiwa kimekwisha kusagika tumboni. Muda unaobaki baada ya Kesha, sala ya usiku, wapewe wale ambao bado hawajazijua vema zaburi na masomo. Hao ndio sisi. Zaburi ziko 150, na sura ya 18 inadai zote zisaliwe kila juma.

Jumuiya yetu, kama nyingi za leo, haiamki tena saa nane. Kengele yetu hulia saa kumi na moja kasoro robo. Lakini mwezi huu wa Novemba nje ni giza totoro, na kutoka vyumbani hadi kanisani tunapita uani tukihesabu hatua juu ya majani yaliyolowa. Hakuna anayesema neno. Ukimya Mkuu ulioanza baada ya Sala ya Mwisho jana usiku bado haujavunjwa, na sauti ya kwanza itakayotoka vinywani mwetu ni kumwomba Bwana aifungue midomo yetu. Tunakiri kwamba katika siku nzima hakuna dakika tunazozipenda kuliko hizo.

Kuhusu kazi, wakati wa kiangazi Kanuni inaikata mara mbili. Watu hufanya kazi asubuhi mapema, husoma, hupumzika vitandani wakati wa jua kali, halafu hurudi kazini hadi jioni. Ikifika Oktoba mapumziko ya mchana yanaondoka. Ndugu husoma hadi saa mbili, husali, kisha wote huingia kazini moja kwa moja mpaka saa tisa. Mkulima yeyote aliyeko hapa anaelewa kwa nini. Asubuhi ya vuli umande hauruhusu kazi, na jioni hakuna jioni. Mwanga wa kufaa uko katikati, na huko ndiko Benedikto alikoiweka kazi.

Sasa, Mheshimiwa, tukupeleke kwenye bustani ya matufaa, kwa maana humo ndimo tulimokaa sehemu kubwa ya Septemba na Oktoba. Tufaa halivutwi. Unalipakata kiganjani, unaliinua, unalizungusha kidogo. Likiachia tawi lenyewe, limeiva. Likikaza, unaliacha na kurudi baada ya siku kadhaa. Bruda mtunza bustani alitufundisha hivyo siku ya kwanza, kisha akanyamaza mpaka siku ya tatu. Lililoanguka chini haliingii ghalani hata likionekana zima, kwa kuwa jeraha la ndani huoza baadaye na kuambukiza mengine. Hayo hukamuliwa maji yake juma hilohilo.

Na shambani, kwenye viazi, ndiko tulikojua maana ya sura ya 43. Inaagiza kwamba mara tu mtu asikiapo ishara ya sala aache chochote kilichomo mkononi na kwenda kwa haraka, lakini kwa heshima, kwa kuwa hakuna cha kutangulizwa mbele ya Kazi ya Mungu, yaani sala ya pamoja. Kuisoma sura hiyo darasani ni rahisi. Mwaka huu, mwanzoni mwa Oktoba, tulikuwa tunachimba viazi na mawingu yalikuwa yamejaa magharibi. Ilibaki mistari minne. Kengele ikalia. Mmoja wetu aliomba tumalize, akaambiwa hapana, tukaweka majembe chini tukaenda. Tulipotoka kanisani mvua ilikuwa imeanza, na haikukoma kwa siku tatu. Viazi vingi vya mistari ile vilioza.

Hatutakuficha kwamba tulikasirika. Tulimwendea mlezi wetu tukamwambia kwamba nusu saa tu ingetosha. Hakubishana nasi. Alitufungulia sura ya 50, ambayo wengi huiruka: ndugu wanaofanya kazi mbali wasioweza kufika kanisani kwa wakati wasali palepale walipo, wakipiga magoti kwa kicho cha Mungu. Akatuambia kwamba siku nyingine tukiwa kwenye shamba la mbali, tutapiga magoti kwenye matope na hatutarudi. Lakini siku ile tulikuwa karibu, tulisikia kengele, na tulikuwa na miguu. Tangu hapo hatujaacha kulifikiria jambo hilo. Viazi vilioza kweli, na pengo lake tutaliona mezani ifikapo Februari. Bado tunaamini tuliitwa sawasawa.

Ghalani kazi iko mikononi mwa bruda mzee kuliko wote nyumbani. Macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo huchambua matufaa kwa vidole na pua. Huyapanga kwenye kreti safu mojamoja, yasigusane, na mbali na viazi, maana tufaa linaloiva hutoa gesi ya ethilini inayoyaharakisha mengine kuiva na huviharibu viazi. Yeye hajui jina la gesi hiyo. Anajua chumba kipi na rafu ipi. Sura ya 48 inaagiza kwamba ndugu wagonjwa na dhaifu wapewe kazi ya namna ambayo hawatakaa bure wala hawatalemewa. Tulidhani ni maneno ya kumfariji mzee. Tumegundua kwamba bila yeye tungekula matufaa yaliyooza tangu Desemba. Na ukimwona anavyoliweka kila moja, utaielewa sura ya 31, inayomtaka mtunza ghala avitazame vyombo na mali zote za monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare.

Kuni tutazitaja kwa ufupi. Gogo bichi linaweza kuwa na maji hata nusu ya uzito wake, na mwaloni uliopasuliwa huhitaji miaka miwili hivi kukauka vizuri. Kwa hiyo kuni tunazoota sasa zilipasuliwa na ndugu kabla sisi hatujafika, na wawili kati yao wamekwisha kuzikwa. Sisi nasi tumepasua za wengine.

Hilo linatufikisha Novemba. Ndugu zetu walio kusini mwa dunia, kama wale wa New Norcia huko Australia, vuli yao huangukia Kwaresima na Pasaka. Ya kwetu huangukia mwezi wa marehemu. Abate Odilo wa monasteri ya Cluny huko Ufaransa, aliyefariki mwaka 1049, ndiye aliyeagiza nyumba zake ziwaombee marehemu wote siku inayofuata Sikukuu ya Watakatifu Wote, na desturi hiyo ya wamonaki ikaenea katika Kanisa zima. Hapa kwetu asubuhi ya tarehe 2 tunakwenda makaburini na reki. Kabla ya sala tunaondoa majani, kaburi baada ya kaburi, mpaka majina yasomeke. Upepo ukivuma kabla hatujamaliza, tunaanza tena. Mwaka huu tulianza tena mara tatu, wala hakuna aliyelalamika.

Na leo ni Mtakatifu Martino. Wengi wanamjua kama askari aliyekata joho lake mara mbili akampa nusu maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi kwenye lango la Amiens. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 361 alianzisha monasteri ya Ligugé huko Ufaransa, zaidi ya miaka mia moja kabla Benedikto hajazaliwa, na kwamba Benedikto alipofika Montecassino aliweka kikanisa kwa jina la Martino. Sura ya 55 inatupa kanzu ya sufu kwa ajili ya baridi na nyepesi kwa kiangazi, na inadai kwamba anayepokea mpya arudishe ya zamani palepale, iwekwe kwa ajili ya maskini. Asubuhi ya leo tumebadilishana. Za zamani zimefuliwa, zimeshonwa palipochanika, na ziko mlangoni kwa bawabu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuna budi kutaja shida yetu. Wanovisi tuko watatu. Wengi wa wakubwa wetu hawawezi tena kupanda ngazi, na miti haijapunguka. Mwaka huu majirani walitusaidia kwa siku sita, wakiacha mashamba yao wenyewe yakingoja, na kwa hilo tunawashukuru mbele yako. Kanuni inasema tusihuzunike hali ya mahali ikitulazimu kuvuna kwa mikono yetu wenyewe, kwa kuwa ndipo tunapokuwa wamonaki kweli, tukiishi kwa kazi ya mikono yetu kama mababu zetu na mitume. Hatuhuzuniki. Lakini mikono ni michache.

Kwa hiyo tunaleta ombi moja. Wewe unaongoza shule yenye vijana wengi. Tunakuomba, kila mwaka juma moja la Oktoba, uturuhusu tuwapokee wachache wao. Si lazima wawe na nia ya utawa, wala hatutawauliza imani yao. Sura ya 53 inatuagiza kumpokea kila mgeni kama Kristo mwenyewe. Watalala nyumba ya wageni, watachuma na kuchimba pamoja nasi, na kengele ikilia watakuwa huru kuja kanisani au kukaa kimya chini ya miti. Tunadhani ukimya huo utawafaa, na tunajua vicheko vyao vitawafaa wazee wetu.

Mwisho, pokea zawadi hii ndogo. Ni kreti moja ya matufaa aliyoyapanga bruda wetu mzee kwa mkono wake. Amesisitiza tukuambie hivi: ya safu ya juu yameiva, yaliwe juma hili, ya safu ya chini yawekwe mahali pa baridi na giza, yasiguswe hadi Krismasi. Na tafadhali, usiyaweke karibu na viazi.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanovisi, kwa niaba ya jumuiya